Tairi la Waya na Tairi la Kukunja: Somo la Kani katika Gurudumu la Baiskeli

Katika kata ya Mwankoko, iliyomo ndani ya Manispaa ya Singida, baiskeli si chombo cha matembezi tu. Ni mbebaji wa mizigo. Hubeba madumu ya maji, magunia ya alizeti na vitunguu, mkaa, na matenga ya kuku wa kienyeji ambao mkoa wa Singida unasifika kwao. Njia zake ni za mchanga na changarawe, na pembeni mwake migunga hudondosha miiba. Mzigo wote huo, pamoja na mwenye baiskeli, huegemea matairi mawili tu. Tairi likichomoka katika rimu yake wakati baiskeli inateremka, mpira wa ndani hupasuka mara moja, gurudumu hupoteza mwelekeo, na mtu pamoja na mzigo wake huanguka.

Mnunuzi wa tairi jipya anaweza siku hizi kukuta aina mbili. Ya kwanza ni tairi la kawaida, lenye nyaya za chuma katika kingo zake. Ya pili ni tairi la kukunja, ambalo huuzwa likiwa limekunjwa kama nguo na kuwekwa katika kasha dogo. Tairi hili kwa kawaida ni ghali zaidi, nalo husifiwa kwamba ni jepesi na la kisasa. Je, ni lipi linalofaa baiskeli ya mizigo? Swali hili ni la fedha na la usalama, lakini pia ni swali la fizikia, na mwanafunzi wa sekondari anazo tayari zana zote za kulijibu.

PINDO LA TAIRI NA KAZI YAKE

Tairi la baiskeli lina sehemu kuu tatu: uso wa mpira unaogusa barabara, kitambaa cha nyuzi kilichopakwa mpira, na mapindo mawili, moja kila upande, yanayokaa ndani ya rimu, ambayo mafundi wengi huiita ringi. Mpira wa ndani hauna nguvu yoyote ya maana. Kazi yake ni kuzuia hewa isitoke. Kitambaa ndicho kinachohimili kanieneo ya hewa, na pindo ndilo linalokishikilia kitambaa hicho kisiruke nje ya rimu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba pindo halikushikwa kwa gundi wala kwa parafujo. Linashikiliwa na jambo moja la jiometri: mzingo wake ni mdogo kuliko mzingo wa ukingo wa nje wa rimu, na hautakiwi kurefuka. Duara lisilorefuka haliwezi kuvuka duara lililo kubwa kuliko lenyewe.

Ikiwa ni hivyo, tairi huingizwaje katika rimu? Siri imo katikati ya rimu, ambapo pana mfereji wenye kina. Fundi anaposukuma pindo liingie katika mfereji upande mmoja, duara zima husogea upande huo, na upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka ukingo. Mwanafunzi aliyewahi kuhangaika na wenzo huku pindo la upande wa pili halijashuka katika mfereji amepigana na jiometri, si na mpira.

HISTORIA KWA UFUPI

Tairi la hewa lilipata hataza kwa mara ya kwanza mwaka 1845, kwa jina la Mskoti Robert William Thomson, lakini halikuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alilibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Tairi la Dunlop lilifungwa na kugandishwa juu ya gurudumu, hivyo kuziba pancha moja ilikuwa kazi ndefu.

Mwaka 1890 ulileta ufumbuzi. Charles Kingston Welch alipata hataza ya tairi lenye nyaya zisizorefuka katika mapindo yake, likikaa katika rimu yenye mfereji. Katika mwaka huohuo William Erskine Bartlett alipata hataza ya tairi ambalo kingo zake za mpira zilinaswa na midomo ya rimu iliyopinda kwa ndani. Njia hizi mbili, yaani waya usiorefuka na mdomo unaonasa, zitarejewa baadaye katika makala haya, kwa kuwa ndizo zinazoamua jibu la swali la mnunuzi.

Mwaka 1965 mkemia Stephanie Kwolek, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, aligundua njia iliyowezesha kutengenezwa nyuzi za aramidi, ambazo zilipewa jina la biashara la Kevlar. Nyuzi hizo ndizo zilizowezesha tairi la kukunja: mahali pa waya wa chuma pamewekwa fungu la nyuzi za aramidi.

KANI ILIYOMO KATIKA PINDO

Na ichukuliwe baiskeli ya kawaida ya mizigo. Ubavuni mwa tairi lake huandikwa 28 × 1½, na pia 40-635. Namba hii ya pili hufuata utaratibu wa kimataifa wa ISO 5775: 40 ni upana wa tairi kwa milimita, na 635 ni kipenyo cha mahali ambapo pindo hukaa katika rimu, pia kwa milimita. Nusu kipenyo, R, ni mita 0.3175. Umbali kati ya mapindo mawili, w, na uchukuliwe kuwa mita 0.022. Kanieneo ya hewa, P, na iwe kilopaskali 300 juu ya ile ya angahewa, ambayo ni takriban paundi 44 kwa inchi mraba.

Hewa hulisukuma tairi kuelekea nje. Katika kila mita moja ya mzingo, msukumo huo ni sawa na P × w, nao hugawanywa kati ya mapindo mawili. Hivyo kila pindo husukumwa nje kwa kani ya Pw ÷ 2 kwa kila mita. Duara linalosukumwa nje kwa usawa kote huwa na mvutano ndani yake sawa na msukumo huo ukizidishwa kwa nusu kipenyo. Kwa hiyo mvutano wa pindo, F, ni:

F = PwR ÷ 2
F = 300,000 × 0.022 × 0.3175 ÷ 2
F = nyutoni 1,050, takriban.

Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa inaacha kando msaada unaotolewa na nyuzi za kitambaa na na rimu yenyewe, lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Nyutoni 1,050 ni uzito wa kitu chenye tungamo la kilo 107. Kila pindo la tairi la baiskeli iliyoegeshwa tu ukutani linavutwa kana kwamba limening'inizwa mtu mzima mnene.

Mwanafunzi na aangalie pia kile kisichokuwemo katika kanuni hii: mzigo wa baiskeli. Gunia la alizeti haliongezi sana mvutano wa pindo, kwa sababu huongeza kanieneo ya hewa kidogo mno. Kinachoongeza mvutano ni pampu, na pia jua. Baiskeli iliyojazwa hewa asubuhi kwa nyuzijoto 20, kisha ikaachwa juani hadi hewa ya ndani ikafikia nyuzijoto 50, hupanda kanieneo. Singida ipo juu ya uwanda wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambapo kanieneo ya angahewa ni kama kilopaskali 85. Kanieneo kamili ya asubuhi ni basi 300 + 85, yaani 385. Ujazo ukichukuliwa kuwa haubadiliki, kanieneo kamili ya mchana ni 385 × 323 ÷ 293, yaani kama 424. Ukitoa 85, hubaki 339. Mvutano wa pindo hupanda kutoka nyutoni 1,050 hadi zaidi ya 1,180. Ndiyo maana pindo lililochoka huruka mchana, baiskeli ikiwa imesimama na hakuna aliyeigusa.

KUKATIKA NA KUREFUKA

Waya wa chuma wenye kipenyo cha milimita 2 una eneo la mkato la milimita mraba 3.14. Kani ya nyutoni 1,050 huuletea mkazo wa takriban megapaskali 334. Waya wa chuma chenye kaboni nyingi hukatika penye megapaskali 2,000 hivi. Nyuzi za aramidi zenye eneo hilohilo hukatika penye takriban megapaskali 3,000. Kwa upande wa kukatika, basi, vitu vyote viwili vina akiba kubwa ya nguvu, na aramidi inashinda. Ukilinganisha uzito kwa uzito, aramidi huizidi chuma zaidi ya mara tano.

Lakini imeonyeshwa hapo awali kwamba pindo hushika rimu kwa kutorefuka, si kwa kutokatika tu. Hapo ndipo matokeo yanapogeuka. Moduli ya Young ya chuma ni gigapaskali 200. Ya aramidi hutegemea aina ya nyuzi; kwa mfano huu na ichukuliwe kuwa 100. Urefu wa pindo ni π × 635, yaani milimita 1,995. Hivyo:

Waya wa chuma hurefuka 1,995 × 334 ÷ 200,000, yaani milimita 3.3.
Nyuzi za aramidi za eneo lilelile hurefuka milimita 6.7.

Ukigawanya kwa π, kipenyo cha pindo la chuma huongezeka kwa milimita 1 hivi, na cha pindo la aramidi kwa milimita 2 hivi. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ukingo wa rimu wenyewe una kimo cha milimita chache tu juu ya mahali pindo linapokaa. Pindo lililorefuka laweza kusogea upande mmoja wa gurudumu na kupanda ukingo. Watengenezaji hulijua jambo hili, nao huweka nyuzi nyingi zaidi na kutegemea msaada wa rimu. Kwa hiyo haifai kusema kwamba tairi la kukunja ni dhaifu. Ifaayo ni kusema kwamba linahitaji rimu inayolisaidia.

KWA NINI MOJA HUKUNJIKA NA JINGINE HALIKUNJIKI

Waya unapopindwa, upande wake wa nje hurefuka na wa ndani hufupika. Kiasi cha kurefuka ni kipenyo cha waya kikigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha pindio. Waya wa milimita 2 ukipindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 20, uso wake wa nje hurefuka kwa asilimia 5. Chuma cha aina hii hakivumilii zaidi ya asilimia 1 hivi bila kupinda moja kwa moja. Hivyo waya huo haupaswi kupindwa kwa nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 100.

Unyuzi mmoja wa aramidi una kipenyo cha takriban milimita 0.012 tu. Hata ukipindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 5, uso wake hurefuka kwa asilimia 0.12. Huo ndio ufafanuzi wa tairi la kukunja: wingi wa nyuzi nyembamba huwezesha kile ambacho uzi mmoja mnene hauwezi.

Funzo la vitendo lafuata hapa. Anayesafirisha tairi la waya kutoka mjini asilifunge kwa nguvu juu ya keria mpaka likavunjika kona. Linaweza kuzungushwa kwa upole kuwa pete tatu, lakini likipata kona kali, waya hubaki na kibyongo, na pindo halitakaa sawasawa katika rimu tena.

HOJA YA UZITO

Ujazo wa waya mmoja ni milimita mraba 3.14 × 1,995, yaani sentimita za ujazo 6.27. Msongamano wa chuma ni gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo, na wa aramidi ni gramu 1.44. Waya mmoja basi una gramu 49, na fungu la aramidi la ujazo huohuo lina gramu 9. Kwa mapindo mawili tofauti ni gramu 80, na kwa matairi mawili ni gramu 160.

Mshindani wa mbio atasema kwamba tungamo lililo ukingoni mwa gurudumu huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa husonga mbele na pia huzunguka. Hoja hiyo ni sahihi wakati wa kuongeza mwendo: gramu 160 huwa sawa na gramu 320. Lakini na ichukuliwe mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20, na madumu mawili ya maji yenye kilo 40. Jumla ni kilo 125. Gramu 320 ni takriban asilimia 0.26 ya jumla hiyo, na wakati wa kupanda kilima, ambapo kuzunguka hakuhesabiwi, faida hushuka hadi asilimia 0.13. Anayebeba maji atapata nafuu kubwa zaidi akipaka mnyororo mafuta na kujaza hewa ipasavyo.

HOJA YA MIIBA

Huaminiwa pia kwamba tairi la kukunja halipati pancha kwa kuwa limetengenezwa kwa aramidi. Hapa vitu viwili vimechanganywa. Aramidi iliyomo katika pindo hukaa ndani ya rimu, ambako mwiba haufiki. Yapo matairi yenye tabaka la kinga, la aramidi au la mpira mnene, chini ya uso unaogusa barabara. Tabaka hilo ndilo hupunguza pancha, nalo hupatikana katika matairi ya waya na ya kukunja vilevile. Mnunuzi na aulize kuhusu tabaka hilo, si kuhusu pindo.

RIMU NDIYO HUAMUA

Sasa zirejewe njia mbili za mwaka 1890. Rimu nyingi za baiskeli za kizamani za mizigo, hasa zile za breki za vyuma zinazobana rimu kwa upande wa ndani, zina kuta zisizo na mdomo wa kunasa. Katika rimu ya namna hiyo pindo hushikiliwa na kutorefuka kwake peke yake. Rimu nyingi za baiskeli za milimani na za mbio zina kuta ambazo ncha zake zimepinda kwa ndani kama kulabu. Hewa inapolisukuma tairi nje, kulabu hiyo hulinasa, na upungufu wa aramidi katika kurefuka hufidiwa.

Kanuni ya usalama basi ni hii: tairi la kukunja litumike katika rimu yenye kulabu, rimu yenye kuta zilizonyooka ipewe tairi la waya. Ili kutambua, fundi huvua tairi na kupitisha kidole kwa uangalifu upande wa ndani wa ukuta wa rimu. Kidole kikinasa, kulabu ipo.

Jambo la pili ni saizi. Matairi yanayoitwa kwa jina moja la inchi yaweza kutofautiana. Inchi 26 yaweza kuwa 559 au 590. Inchi 28 yaweza kuwa 622 au 635. Tairi la 635 likivishwa katika rimu ya 622, kipenyo chake kimezidi kwa milimita 13, hali hesabu ya juu imeonyesha kwamba hata milimita 2 zina uzito wake. Wenzo hautahitajika, tairi litaingia kwa mikono mitupu, na hapo ndipo hatari ilipo. Kinachosomwa ubavuni mwa tairi ni namba ya tarakimu tatu, si inchi.

UAMUZI

Kwa mkulima wa Mwankoko mwenye baiskeli ya 40-635 na rimu zenye kuta zilizonyooka, jibu ni tairi la waya, bila shaka yoyote. Ni la bei nafuu, humshika vizuri zaidi, na uzito wake hauna madhara ya kuonekana. Adui wa waya huo ni kutu. Mpira wa pindo ukichakaa na waya ukaonekana, maji huingia, na penye udongo wa chumvi kama kandokando ya Ziwa Singida na Ziwa Kindai, kutu hukimbia. Tairi ambalo waya wake umefunuka au umeota kutu limekwisha, hata kama uso wake bado ni mzuri.

Kwa mwanafunzi mwenye baiskeli ya milimani ya 559 na rimu zenye kulabu, matairi yote mawili ni salama. La kukunja humfaa anayesafiri mbali na kutaka kubeba tairi la akiba katika mkoba. Asiyekuwa na haja hiyo atumie tofauti ya bei kununulia kiraka, gundi na pampu nzuri.

Kwa aina zote mbili, baada ya kujaza hewa kidogo, fundi na aangalie mstari mwembamba uliochorwa ubavuni mwa tairi karibu na rimu. Mstari huo sharti uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu kuzunguka gurudumu zima, pande zote mbili. Ukipanda mahali pamoja, hewa itolewe na pindo likalishwe upya kabla ya kuendelea kujaza.

JARIBIO LA DARASANI

Litafutwe tairi kuukuu la waya kwa fundi. Mwalimu alikate pindo kwa kisu kikali na kuutoa waya. Wanafunzi wapime kipenyo chake kwa mikromita, urefu wake kwa utepe, na tungamo lake kwa mizani. Kisha watafute msongamano wake na kuulinganisha na gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo. Pindo lenye waya zaidi ya mmoja lihesabiwe waya mmoja mmoja.

MAZOEZI

1. Tairi la 50-559 limejazwa hewa kwa kilopaskali 250, na umbali kati ya mapindo ni milimita 20. Tafuta mvutano wa kila pindo.

2. Thibitisha kwamba ongezeko la kipenyo cha pindo ni sawa na PwR² ÷ AE, ambapo A ni eneo la mkato na E ni moduli ya Young. Eleza kwa nini gurudumu kubwa huhitaji pindo lililo gumu zaidi kurefuka.

3. Waya wa milimita 2 umebadilishwa kwa nyaya nyembamba zenye kipenyo cha milimita 0.5 kila mmoja. Zinahitajika nyaya ngapi ili eneo la mkato lisibadilike? Nusu kipenyo kidogo kabisa cha kuzipinda sasa ni kipi?

4. Fundi amejaza tairi hadi kilopaskali 300 alfajiri. Mwenye baiskeli anajua kwamba ataiacha juani sokoni mchana kutwa. Toa ushauri, na uutetee kwa hesabu.